Mgeni wa Siku ya Marehemu

Sehemu ya Tisa

Haya, msomaji, umengoja wiki nzima na mimi sina roho mbaya. Tulimwacha Ornella makaburini, saa moja na nusu asubuhi, ukungu umemeza kisiwa chote, vidole vyake viko kwenye maua meupe yanayochuruzika maji. Maua yako juu ya kaburi la kaka yake Fausto, kaburi lisilo na mtu ndani. Na mkono umemshika bega kwa nyuma.

Mkono ulikuwa wa baridi. Ornella hakugeuka.

"Kama ni wewe, Fausto," alisema taratibu, "sema upesi unachotaka."

"Fausto gani tena? Ni mimi, Palmira."

Alikuwa Bi Palmira, mjane wa muuza mikate, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari za kisiwa hufika kwake kabla hazijafika kwa wenyewe. Najua mko mlioapa kwamba ni mzimu. Ngojeni kidogo, hamkukosea sana. Bi Palmira alikuwa anatetemeka, na yeye si mtu wa kutetemeka.

"Unafanya nini nje kabla ya kengele?" Ornella aliuliza.

"Na wewe je?"

Wote wawili walikuwa wamevunja mwiko. Usiku wa kuamkia Siku ya Marehemu, kila nyumba kisiwani huacha mlango bila komeo na meza imeandaliwa, bakuli la kastanya za kuchemsha, zile kokwa za msituni zenye ganda gumu, na jagi la maji, ili wafu wa nyumba waje wale, wapumzike. Hakuna wa kufungua dirisha wala kukanyaga jikoni mpaka kengele ya Misa ya saa mbili. Ukisikia hatua za mtu chini, unajifunika shuka na kusali.

"Mimi nilikuja kuhamisha vyungu viwili vya maua kutoka kaburi la shemeji yangu," alisema Bi Palmira. "Anavyo vingi, hahesabu. Sasa Mungu kaniadhibu. Ornella, nimemwona baba yako."

"Baba amekufa, Bi Palmira. Mwaka wa sita huu."

"Kwani sijui? Soksi za kuzikia nilimvalisha mimi. Nimemwona akishuka njia ya gatini, mgongo umeinama, kavaa koti lake la kijani. Lile lenye kiraka cha ngozi kiwikoni. Nikamwita, Attilio! Hakugeuka. Wafu hawageuki wakiitwa."

 Ornella akatazama tena maua, na akili yake, iliyofanya kazi kwenye boti miaka minane, ikaanza kupiga hesabu.

Kwa mliojiunga leo, nitawapa kwa kifupi. Miaka kumi na tisa iliyopita Ornella alikuwa msichana wa kushika kamba kwenye boti ya abiria ya Ziwa Maggiore. Siku moja kaka yake Fausto alimpiga mchumba wa Ornella, mpaka mchumba akahama mkoa. Mchana wa siku hiyo Ornella alimchomolea Fausto kisu cha jikoni, na mama yao akamnyang'anya. Fausto akaapa kwamba kabla ya jua kuzama mmoja wao atakuwa wa kuzikwa. Jioni alikuja mbio gatini kuiwahi boti ya mwisho. Ornella alimwona. Alimtazama machoni, akafungua kamba, boti ikaondoka.

Ikasemwa kwamba Fausto alichukua mashua ya makasia aifuate boti, na upepo ulikuwa mkali. Mashua ilikutwa kifudifudi. Fausto hakukutwa hata kiatu.

Tangu siku hiyo Ornella anaishi na swali moja. Kama Fausto alikufa, basi yeye ndiye aliyemuua. Na kama yu hai, amemwacha dada yake abebe maiti isiyokuwepo miaka kumi na tisa. Halafu kuna haya maua, kila Siku ya Marehemu, mapya, hajulikani anayeyaleta. Wanakisiwa wanasema ni marehemu mwenyewe.

Wiki iliyopita Ornella aligundua mgeni huyo hupita wapi. Watu wa kisiwani siku hii husoma safu ya sikukuu kwenye ratiba ya boti, maana kwao hakuna sikukuu kubwa kuliko ya wafu wao. Kampuni ya boti haijali. Kwao ni siku ya kazi ya kawaida, na siku ya kazi kuna boti ya saa moja kasoro dakika tano asubuhi, inayorudi kupita saa moja na dakika ishirini na tano. Nusu saa yatosha kupanda makaburini, kuweka maua na kushuka, wakati kisiwa kizima kimefunga madirisha kwa kuwaogopa wafu.

Lakini leo, akakumbuka, ni Jumapili.

Jumapili boti ya alfajiri haipo. Ya kwanza ni ya saa nne na dakika ishirini. Basi aliyeweka maua haya hakuja leo. Alikuja jana, sikukuu ya Watakatifu Wote, boti zimejaa jamaa na vyungu vya maua, na hakuna aliyemtilia maanani. Akalala hapa hapa, katika usiku ambao milango yote iko wazi.

Na bado hajaondoka.

"Bi Palmira," alisema Ornella, "hilo koti, una hakika lilikuwa na kiraka?"

"Kiraka nilikishona mimi. Mama yako hajui sindano, ila usimwambie nimesema."

Ornella hakungoja zaidi. Alishuka ngazi za makaburini mbilimbili, maana koti la marehemu baba yake hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, nyumbani kwao.

Msumari ulikuwa mtupu.

Mama yake, Ersilia, mwanamke wa miaka themanini na moja, alikuwa ameketi kwenye kona karibu na jiko, rozari mkononi. Kichwani alikuwa na kitambaa cha kutokea. Miguuni alikuwa na viatu vya ngozi.

"Kengele haijalia," alisema. "Toka jikoni."

"Mama, koti la baba liko wapi?"

"Nondo walilila. Nikalichoma."

"Lini?"

"Zamani."

"Jumatano nimelianika mwenyewe uani."

Mama alisogeza punje moja ya rozari. Ornella aliangalia meza. Bakuli la kastanya lilikuwa limebaki nusu, maganda yamekusanywa pembeni vizuri, kila moja limechanjwa kwa kisu. Jagi la maji lilikuwa limepungua. Kiti cha baba kilikuwa kimevutwa karibu na jiko, kama mtu aliyetaka kukausha miguu.

"Wamekuja," alisema mama. "Wamekula. Shukuru."

"Wafu hawamenyi kwa kisu, mama. Wala hawakohoi. Usiku nilisikia kikohozi huku chini, na mimi nikajifunika shuka kama mjinga."

"Ulitaka ufanye nini? Ushuke uwachungulie wanapokula?"

"Fausto hali kastanya. Zilikuwa zinamvimbisha midomo tangu mdogo. Kwa hiyo huyu si Fausto. Ni nani uliyemlaza jikoni kwetu?"

 Kengele ya Misa ikaanza kulia, na nje madirisha yakasikika yakifunguliwa moja baada ya jingine, majirani wakiitana, wakiulizana wafu wao wamekula nini. Sauti zilikuwa za furaha. Ornella alitaka kulia.

"Nenda kanisani," alisema mama. "Na leo usishuke gatini. Sijakuomba kitu tangu baba yako afe. Hiki nakuomba."

Niambie wewe msomaji. Ukiambiwa na mama yako usiende mahali kwa sauti ya namna hiyo, utakwenda wapi?

Ornella hakwenda Misa. Alizunguka kisiwa chote, na kisiwa chenyewe kina nyumba ishirini na tatu tu. Alifungua banda la mashua. Alipanda mnara wa kengele mpaka mpiga kengele akamfukuza. Alisukuma mlango wa nyumba ya wageni, iliyofungwa tangu watalii walipoondoka, akakuta komeo lina kutu. Kila kona ukungu ulimtolea mgongo wa mtu, na kila akiufikia unakuwa mti au nguzo. Mara mbili alisikia kikohozi kile kile, kikavu, mbele yake, na mara mbili hakukuta mtu. Alianza kuogopa kwamba Bi Palmira alisema kweli.

Saa nne na dakika tano alikata tamaa ya kutafuta. Akaamua kungoja. Awe hai awe mfu, hakuna anayetoka kisiwani bila boti, na boti ni hiyo moja mpaka saa kumi jioni.

Gatini kulikuwa kumejaa watu waliokuja kupokea jamaa zao. Ornella aliwapita akiangalia nyuso, hakuna ngeni. Kisha akachungulia kibanda cha kungojea boti. Kwenye benchi la mwisho, mgongo kwake, alikaa mtu amevaa koti la kijani.

Kiraka cha ngozi kilikuwa kiwikoni. Mabega yalishuka vile vile. Hata shingo iliinama upande ule ule.

"Baba," alisema Ornella, na sauti ikamtoka kama ya mtoto.

Koti likageuka. Ndani yake mlikuwa na mzee mkavu, ndevu za siku tatu, macho mekundu. Ornella alihitaji muda kumtambua. Alikuwa Egidio, mkata tiketi wa ile boti ya zamani, aliyestaafu akahamia Laveno, ng'ambo.

"Ningekuwa na miguu ningekimbia," alisema Egidio, kisha akakohoa. "Mama yako kanipa hili koti kwa ajili ya kifua. Nimemwambia litaniponza."

"Mzee Egidio. Ni wewe miaka yote hii?"

"Ni mimi."

"Kwa boti ya siku za kazi."

"Miaka thelathini nimekata tiketi, na kila Siku ya Marehemu nimeona mtu wa hapa akigombana na ratiba. Nilijua hamtaiangalia safu ya siku za kazi. Ikiangukia Jumapili nakuja siku moja kabla, mama yako ananifungia mlango wa ndani, nalala kitini. Kwa miaka kumi na tisa ni mara ya tatu hii."

"Kwa nini umletee kaka yangu maua? Ulimwona akizama?"

Egidio alitazama mikono yake.

"Hakuzama, Ornella. Ile mashua niliisukuma mimi, tupu, nikaipindua kwa kasia."

 Ornella alikaa kwenye benchi. Miaka kumi na tisa ya kuamka na jina moja mdomoni, ya kukataa kuolewa, ya kukataa hata kugusa kamba tena. Alisikia furaha, na juu ya furaha alisikia hasira kubwa zaidi.

"Nani alikutuma?"

"Mimi."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mkoba wa safari mkononi. Huyu ni mwanamke ambaye hajakanyaga boti tangu Fausto apotee.

"Mchana nilikunyang'anya wewe kisu," alisema Ersilia. "Jioni, boti ilipomwacha, Fausto alirudi nyumbani. Nikamkuta bandani anaipaka mafuta bunduki ya baba yenu. Nina watoto wawili, si kumi. Ulitaka ningoje nini?"

"Ukamficha."

"Nikampigia simu Egidio, akarudi na mashua yake usiku ule ule, akamvusha. Akampeleka juu, upande wa Uswisi, kwa binamu za Egidio mwenyewe. Wewe nikakwambia amezama."

"Ulikuwa unanisikia nikilia, mama. Chumba changu kiko juu ya chako."

"Nilikusikia. Kila siku."

"Na yeye? Hakuweza kuniandikia hata mstari mmoja?"

Hapo mama akayahamisha macho. Egidio akaangalia ziwa. Ornella aliwatazama wote wawili na akajua kwamba bado hajaambiwa lililo baya.

"Fausto angerudi," mama alisema. "Unamjua kaka yako. Angekaa mwezi mmoja, kisha angerudi kukutafuta, kwa bunduki au kwa kupiga magoti, sijui. Sikuweza kubahatisha. Nikatafuta kitu cha kumzuia. Nikamwambia kwamba usiku ule ulijitupa ziwani. Kwamba umekufa."

Nje mtu alicheka. Boti ilisikika ikipiga honi ndani ya ukungu, mbali bado.

"Yale maua si ya Fausto," alisema Egidio kwa upole. "Ni yako. Fausto hutenga mshahara wa siku moja, hunitumia, ananiambia nikuchagulie meupe. Sasa ningeyaweka wapi? Kaburi huna. Nikawa nayaweka juu ya lake."

"Niliwazika wote wawili mkiwa hai," mama alisema, na hakushusha kichwa. "Mko hai. Ningefanya tena."

Ornella hakupiga kelele. Alikuwa na kelele za miaka, lakini alipofungua mdomo likatoka swali.

"Kwa nini leo umebeba mkoba?"

Egidio ndiye aliyejibu. "Moyo wa Fausto, Ornella. Amelazwa wiki ya tatu. Daktari amesema hafiki Jumatano. Ndiyo sababu jana nilikuja kumchukua mama yako. Boti hii inaiwahi treni ya saa tano na nusu pale Laveno. Tukiikosa, tutafika kesho."

"Basi twende."

"Wewe hapana," mama alisema. Alikuja akasimama mbele yake, mdogo, kichwa kinafika kifuani kwa binti yake. "Mwanangu, fikiri. Moyo wake ni uzi. Atafungua macho, leo hii, Siku ya Marehemu, amwone dada yake aliyekufa amesimama miguuni pa kitanda. Utamuua kwa mkono wako. Safari hii kweli."

"Na nisipokwenda atakufa akijua kwamba mimi nilijiua kwa ajili yake."

Mama aliukaza mkoba mkononi, akageukia mlango wa kibanda. 

Boti ilitokea kwenye ukungu ghafla, karibu kuliko walivyodhani. Ikagonga gati. Jamaa wakaanza kushuka na maua, na mikate ya siku hiyo imefungwa kwenye karatasi, mabusu na makelele. Bi Palmira alikuwepo, bila shaka, na alipoliona koti la kijani alijipiga ishara ya msalaba, kisha akasogea karibu asikose neno.

"Laveno, Laveno," alisema mfanyakazi wa boti kwenye ubao wa kupandia. "Dakika mbili. Mabibi, mnapanda au mnaagana?"

Ersilia alitangulia kufika kwenye ubao, akasimama katikati yake, amefumbata vyuma pande zote mbili.

"Ornella. Nakusihi."

"Ulichagua peke yako miaka kumi na tisa, mama. Leo sogea."

"Sisogei."

"Basi nitakubeba."

Na kweli alimbeba. Alimshika chini ya makwapa kama mtoto wa kuogeshwa, akamwinua, viatu vya ngozi vikaning'inia hewani, akamtua ndani ya boti, akarudi kuuchukua mkoba. Watu wa gatini waligeuka wote kutazama. Bi Palmira peke yake alisema, "Sasa hili nitaanza kulisimulia wapi?"

Mama aliingia ndani akaketi peke yake nyuma ya kioo. Ornella alibaki nje, kwenye sitaha ya boti, kwenye baridi, na Egidio kando yake. Kisiwa kikafutika. 

"Huwa anakusimulia nini kuhusu mimi?" Ornella aliuliza mwishowe. "Akinitaja, husemaje?"

"Si mzungumzaji sana." Egidio aliikaza kola ya koti. "Huuliza kitu kimoja, kila mwaka. Kama ulikufa ukiwa bado na hasira naye."

"Na wewe humwambiaje?"

"Nilikuwa namwambia sijui. Ningesema nini?"

Ornella alitaka kumwambia hapana, hasira ziliisha zamani. Akajisikiliza ndani ili aseme kweli, na akaogopa alichokikuta. Alikuwa hajui yeye mwenyewe. Alikuwa amemlilia ndugu yake kila siku na hakuwahi, hata siku moja, kumsamehe. Mfu hana haja ya kusamehewa, mfu unamwekea maua tu.

Simu ikalia kwenye koti la kijani. Egidio aliitoa, akaisogeza mbali na macho yake mabovu.

"Uswisi," alisema. "Jumapili muuguzi humshikia simu sikioni. Hataki kungoja tufike." Aliitazama tena, kisha akamnyooshea Ornella. "Mimi nimesema uongo kwa niaba yenu mpaka kifua kimeharibika. Pokea wewe."

Ornella aligeuka. Nyuma ya kioo mama yake alikuwa amesimama, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo, anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Simu ikalia mara ya nne. Mara ya tano.

Akabonyeza, akaiweka sikioni.

Kwanza alisikia pumzi, za mkato, za mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kisha sauti, imezeeka, imekonda, lakini bado inaburuta mwisho wa maneno kama zamani walipokuwa wakigombana mezani.

"Egidio?"

Ornella alifungua mdomo. 

"Egidio, mbona kimya? Nani hapo?"